Herufi za Nyuma ya Prado

Yadi za magari zilizopangana kandokando ya Ngong Road, ukishapita Prestige ukielekea Dagoretti Corner na Racecourse, zina desturi moja: Prado huwekwa mbele. Vitz, Demio na Fielder hukaa nyuma, zikisubiri mnunuzi aliyekwisha kuamua. Prado ndiyo inayomsimamisha mtu aliyekuwa akipita tu. Naye dalali akiona gari limepunguza mwendo, haanzi na injini wala mwaka wa kutengenezwa. Anaanza na herufi zilizobandikwa kwenye mlango wa nyuma. “Mkubwa, hii si TX ya kawaida. Hii ni TX-L.” Ikiwa ni TZ-G, bei hupanda kabla boneti haijafunguliwa.

Herufi hizo zina maana, na kuna pesa nyingi kati ya moja na nyingine. Lakini mnunuzi wa Nairobi mara nyingi hulipia asichokihitaji na kuacha anachokihitaji, kwa sababu madaraja haya yalipangwa kwa ajili ya Japani. Mtu wa Lavington anayepeleka watoto shule, kisha Jumamosi anashuka Magadi kumwona mzazi, ana mahitaji ambayo mpangaji wa Toyota hakuyaweka mezani. Ni mnunuzi mwenyewe anayepaswa kujua gari lina nini ndani na nini chini.

Prado inayojaza yadi zetu ni ya kizazi cha J150, iliyozinduliwa Japani Septemba 2009. Ilibadilishwa sura Septemba 2013, ikabadilishwa tena Septemba 2017, ikaendelea kutengenezwa mpaka mrithi wake, Land Cruiser 250, alipoanza kuuzwa Japani Aprili 2024. Katika maisha hayo marefu madaraja yake ya Kijapani yalikuwa machache. TX ndiyo ya msingi, yenye viti vya kitambaa. TX yenye kifurushi cha L, ambayo sisi tumeifupisha kuwa TX-L, iliongeza viti vya ngozi vinavyosogezwa kwa umeme na mapambo ya ndani. Juu kabisa ilikaa TZ-G, iliyobeba karibu kila kitu ambacho wahandisi walikuwa nacho.

Tuanze na kile ambacho madaraja yote yanacho, kwa maana hapo ndipo thamani ya gari hili ilipolala. Prado yoyote ya J150 imejengwa juu ya fremu ya chuma iliyo peke yake, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Magari mengi marefu unayoyaona Westlands yakipanda ukingo wa barabara hayana fremu ya namna hiyo. Bodi yao ndiyo uti wao wa mgongo. Gurudumu moja likining'inia juu ya shimo na jingine likibanwa kwenye jiwe, chuma cha fremu ndicho kinachobeba mkunjo huo, na milango inaendelea kufunguka na kufungwa kama kawaida. Kisha magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Katikati kuna difu ya aina ya Torsen ambayo kwa mwendo wa kawaida hugawa nguvu asilimia 40 mbele na 60 nyuma, na inaweza kufungwa kwa kitufe ili mbele na nyuma zizunguke sawa. Kuna gia ndogo, L4, inayoongeza nguvu ya kuvuta zaidi ya mara mbili na nusu. Kuna mfumo wa A-TRC, unaoshika breki gurudumu linalozunguka bure kwenye matope ili nguvu iende kwa lile lililoshika ardhi. Chini ya tumbo kuna nafasi ya zaidi ya sentimita 20.

Haya yote yamo kwenye TX ya viti vya kitambaa. Ukikutana na ule udongo mweusi unaonata wa Karen na Lang'ata mwezi Aprili, vitu vitakavyokutoa ni hivyo, pamoja na tairi nzuri na dereva mtulivu. Viti vya ngozi havina mchango wowote pale.

TZ-G inaongeza nini, basi? Vipo vinne vya kutajwa. Cha kwanza ni mifuko ya hewa mahali pa springi za nyuma. Gari hujisawazisha likibeba mizigo, na dereva anaweza kulipandisha au kulishusha sehemu ya nyuma. Cha pili ni shoki zinazobadilika ugumu kwa amri ya kompyuta. Cha tatu ni KDSS, nacho nitakieleza kidogo kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote. Magari mengi yana fito za chuma zinazounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale kwenye kona. Fito hizo zinasaidia lami lakini zinakera porini, maana zinazuia gurudumu kushuka kwenye shimo. KDSS inaunganisha fito ya mbele na ya nyuma kwa mitungi ya mafuta ya haidroliki. Kwenye kona, shinikizo la mbele na la nyuma hukutana na mitungi ikakaza. Kwenye mawe, ambapo gurudumu la mbele linapanda huku la nyuma la upande uleule likishuka, mafuta huhama na fito zikalegea. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Gari lenyewe linatambua. Cha nne ni kompyuta ya kutambaa: unachagua kiwango cha mwendo, unaondoa miguu, na gari linapanda lenyewe kwa mwendo wa konokono huku wewe ukishughulika na usukani tu.

Ni uhandisi wa kupendeza, na anayeusifia hakosei. Tatizo ni umri. Gari likija Kenya likiwa na miaka saba, kisha likakaa hapa miaka kumi, mpira wa mfuko wa hewa umekauka na kupasuka, na shoki za kompyuta zimechoka. Bei ya kipuri kimoja halisi humfanya mwenye gari aketi chini afikirie upya. Ndiyo maana mafundi wengi wa Nairobi wana suluhisho lao: wanatoa mifuko, wanaweka springi za chuma na shoki za kawaida. Yaani mtu alilipia TZ-G, akaitunza kama TZ-G, na mwishowe akaigeuza TX kwa gharama yake mwenyewe.

Tairi nazo zinaeleza habari hiyohiyo. Baada ya mabadiliko ya 2017, TX ilitoka na tairi za 265/65 kwenye rimu ya inchi 17, na TZ-G na tairi za 265/55 kwenye rimu ya inchi 19. Piga hesabu: ubavu wa mpira kwenye ya kwanza una kimo cha milimita 172, kwenye ya pili 146. Ubavu huo ndio mto wa kwanza kati ya rimu na shimo. Ndio pia unaokuwezesha kupunguza upepo wa tairi ukifika kwenye mchanga wa mto mkavu huko Kajiado bila rimu kugonga jiwe. Rimu kubwa inapendeza ikisimama mbele ya hoteli Westlands. Kwenye barabara za ndani za Waithaka na Ruthimitu, mvua ikishachimba, rimu ya 17 inalinda mgongo wako na mfuko wako.

Wanaoishi kwa kuendesha porini wamekwisha kufanya uchaguzi wao, na hawaufichi. Simama Kimathi Street mapema asubuhi, mbele ya Sarova Stanley, uangalie magari yanayochukua watalii kwenda Mara na Amboseli. Utaona Land Cruiser za mfululizo wa 70, umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambalo halijabadilika sana tangu hapo. Nyuma zina springi za majani kama lori, nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita zisizo na turbo, na gia zake hubadilishwa kwa mkono. Gereji za Nairobi zimebobea katika kulirefusha gari hili na kulitia paa linaloinuka ili mgeni asimame apige picha. Pikapu ya familia hiyo, ile ya 79, huunganishwa Mombasa katika kiwanda cha AVA. Kampuni ya utalii ikinunua gari, inauliza kama kipuri kinapatikana Narok na kama fundi wa Talek analijua. Vifaa inavyoongeza ni vya kazi: betri ya pili, bomba la kuvutia hewa juu, jeki ndefu, redio ya masafa marefu, friji ya vinywaji.

Hata katika Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ujenzi wa uzio wa Aberdare, ambapo mshindi ni yule anayefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, magari huingia yakiwa yamevuliwa karibu kila pambo. Kinachobaki ni fremu, injini, difu zinazofungwa, tairi na winchi.

Sasa injini, kwa sababu hapo herufi za nyuma zinaingiliana na mtoza ushuru. J150 ya Japani ilianza na petroli peke yake, lita 2.7 na lita 4.0 ya V6. Juni 2015 ile V6 iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na dizeli ya turbo ya lita 2.8, yenye nguvu farasi 177, iliyopandishwa hadi 204 Agosti 2020. Tangu 2015 TZ-G ilikuwa dizeli tu, na TX ilipatikana kwa zote mbili.

Sheria ya ushuru ya Kenya inagawanya magari kwa ukubwa wa injini. Petroli ya zaidi ya sisi (cc) 1500 hulipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 hadi inapovuka sisi 3000. Dizeli ikivuka sisi 2500 tu, inaruka hadi asilimia 35. Kwa hiyo TX ya petroli ya 2.7 na TX ya dizeli ya 2.8, magari mawili yanayofanana kama mapacha, yanaangukia pande mbili tofauti za mstari. Weka ushuru wa forodha wa asilimia 35 uliotumika kuanzia Julai 2023, kisha VAT ya asilimia 16 juu yake: kwa kila shilingi 100 ya thamani ambayo mamlaka ya ushuru, KRA, imelipangia gari, dizeli inalipa shilingi 15 na senti 66 zaidi. Kwa gari lililothaminiwa milioni mbili, hiyo ni zaidi ya laki tatu kwa sababu ya mlango wa mafuta.

Je, laki hizo zinafaa? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Injini ya petroli isiyo na turbo inapumua hewa hiyo ilivyo, ikapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Ile 2.7, ambayo kwenye karatasi ina nguvu farasi 163, ikifika hapa imebaki na kama 138 za kusukuma gari la zaidi ya tani mbili. Ukiipandisha kutoka Mai Mahiu kurudi Limuru ikiwa na familia na mizigo, utaisikia. Turbo ya dizeli husukuma hewa ndani kwa nguvu na hairudi nyuma sana. Kwa anayesafiri bara kila mwezi, dizeli inajilipa kwa mafuta na kwa utulivu wa dereva.

Kwa anayekaa Kileleshwa na kufanya kazi mjini, nasema achukue petroli, na sababu yangu haihusu ushuru. Dizeli hizi za Japani zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo kwenye joto kali. Joto hilo huja gari likienda mbio kwa muda. Foleni ya Valley Road asubuhi haiwezi kulileta, wala safari ya dakika kumi na tano kutoka Yaya hadi shule. Masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi, gari linapoteza nguvu. Kuna pia tangi la pili la kioevu cha AdBlue, kinachopulizwa kwenye moshi kupunguza sumu ya naitrojeni. Likiisha na ukapuuza onyo, gari halitawaka tena. Wauzaji wengi hawatamki neno juu ya tangi hilo.

Hapo ndipo mwenye gari anapomwendea fundi, na fundi anampa njia ya mkato: kukata kichujio, kuziba njia, kuidanganya kompyuta. Gari linapata nguvu tena na mwenye gari anafurahi. Lakini masizi yaliyokuwa yakinaswa sasa yanatoka nyuma, na anayeyavuta ni mama anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya Naivasha Road, Kawangware. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa kidogo Januari 2015, baada ya mapambano marefu, ili magari yenye vichujio kama hivi yaweze kufanya kazi hapa. Kukata kichujio ni kuitupa kazi ile yote. Kama huwezi kulitoa gari barabara ndefu mara kwa mara, kwa mfano Southern Bypass hadi Kikuyu na kurudi, usinunue dizeli ya kisasa. Nunua petroli na ulale salama.

Kuna biashara nyingine iliyokua Nairobi ambayo mnunuzi anapaswa kuijua: biashara ya nyuso. Kanuni ya shirika la viwango, KEBS, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Prado zinazoshuka bandarini sasa zote zina sura ya 2017, zenye boneti iliyochongwa na taa nyembamba. Zile zilizoingia zamani, za 2010 na 2011, zikaanza kuonekana za kizee ingawa injini zao bado nzima. Gereji zikajibu. Kwa siku chache gari linapewa boneti, bampa, grili, taa na fenda za mtindo mpya, na linatoka likiwa limepungua miaka saba. Mjini, Kirinyaga Road na eneo zima la Grogan, utapata vipande hivyo vikining'inia milangoni, pamoja na zile herufi zenyewe. TZ-G ya kubandika inauzwa kama kitasa.

Silaumu mtu anayebadilisha sura ya gari lake. Ni mali yake. Nalaumu anayeliuza bila kusema. Dawa ipo, na haigharimu kitu. Kwanza soma bamba. Usajili wa KB ulikwisha, tukaingia KC, miaka kadhaa kabla sura ya 2017 haijachorwa. Prado ya bamba la KB yenye uso huo imebadilishwa, hakuna mjadala. Pili, omba kuona nambari ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma cha fremu karibu na gurudumu la mbele la kulia, na lazima ifanane na iliyo kwenye logbook. Herufi za mwanzo zinaeleza injini: TRJ ni petroli ya 2.7, GRJ ni V6, GDJ ni dizeli ya 2.8. Kisha angalia tarakimu. TX ni 150. TZ-G ni 151. Tarakimu moja hiyo haibandikwi Grogan. Ukiambiwa gari ni TZ-G na fremu inasema GDJ150, umeshapata jibu lako na unaweza kuondoka bila ugomvi.

Kwa nini tunajali herufi kiasi hiki? Prado hapa kwetu imebeba cheo. Wakongwe watakumbuka bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, alipotangaza kwamba mawaziri watarudisha magari makubwa na kupanda yasiyozidi sisi 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Upinzani ulikuwa mkubwa, na magari marefu yakarudi polepole. Miezi mitatu tu baada ya tangazo hilo, Japani ilikuwa ikizindua J150 hii hii ambayo leo inaongoza misafara.

Kampuni ya magari ya Mobius nayo ilikutana na ukuta huo wa cheo kutoka upande mwingine. Joel Jackson, Mwingereza aliyeishi hapa, aliamua kujenga Kenya gari la barabara mbaya kwa bei ambayo mfanyabiashara wa kijijini angeweza: fremu ya mabomba ya chuma, injini ya 1.6, ndani hakuna anasa yoyote. Kiuhandisi wazo lilikuwa sahihi, na mimi nililipenda. Lakini mwenye milioni moja na ushei mkononi alilitazama, kisha akatazama Toyota ya mtumba yenye kiyoyozi, redio na soko la kuuzia tena. Gari la Mobius III lilipofika, 2021, lilikuwa limeshasogea kuelekea anasa na bei yake ilikuwa imepaa. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufunga kwa sababu ya madeni, kisha akajitokeza mnunuzi. Wakenya walionyesha kwamba gari la bei nafuu lisilo na vipuri kila kona wala thamani ya kuuzwa kesho halitoshi, hata likiwa limebuniwa kwa ajili yao.

Kuna kifaa kimoja cha Prado ambacho hakuna dalali aliyewahi kunitajia. Kwenye fenda ya mbele ya kushoto, Prado nyingi za Japani zina kioo kidogo kwenye kishikio, kama cha pikipiki. Wengi huona kinaharibu sura. Wengine hukitoa, wengine huibiwa, kama vile vioo vya pembeni vinavyoibwa mpaka tunachonga nambari za usajili juu yake. Kioo kile kiko pale kwa sheria. Japani inataka dereva wa gari refu aweze kuona nguzo yenye kimo cha mita moja na upana wa sentimita 30 ikiwa mbele kabisa au ubavuni kushoto. Mita moja ni kimo cha mtoto wa miaka minne. Kwenye madaraja ya juu kamera ndizo zinazofanya kazi hiyo, na hapo kioo hakihitajiki.

Boneti ya Prado ni ndefu na iko juu. Dereva anayeketi kulia haoni kilicho mbele ya taa ya kushoto, na sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo upande huo ndio wa watembea kwa miguu. Katika vifo vya barabarani nchini, wanaotembea ndio wengi kuliko kundi lolote. Fikiria Gitanga Road saa moja kasoro asubuhi, watoto wa Kawangware wakivuka kwenda shule katikati ya foleni. Kioo kile cha fenda kina thamani kubwa kuliko dirisha la paa, na mnunuzi anayelipia dirisha la paa huku akikivua kioo amefanya hesabu mbaya. Kama kimeondolewa, kirudishe. Kama hakuna, weka kamera ya kushoto. Mafundi wa umeme wa magari wanaweza.

Vivyo hivyo kwa bulbar. Mirija ile ya chuma mbele ya grili ina maana kwa mtu anayekutana na punda milia usiku barabara ya Narok. Mjini inambadilisha mtu aliyegongwa mguu kuwa mtu aliyevunjika nyonga. Na tangu Septemba 2017 kila J150 ya Japani, hata TX ya chini kabisa, inatoka na mfumo wa kuona hatari mbele na kushika breki wenyewe. Rada yake inakaa nyuma ya nembo ya Toyota kwenye grili. Ukifunga chuma mbele yake, au ukiweka grili ya kuigiza yenye nembo isiyopitisha mawimbi, umeipofusha. Gari linaweza kuonyesha taa ya hitilafu, na wapo wanaoizoea taa hiyo kwa miaka. Kabla hujanunua Prado iliyovishwa, washa injini, angalia kama taa hiyo inawaka, kisha uulize kwa nini.

Land Cruiser 250 imeshaonekana Nairobi na zitakuja nyingi. Keita Moritsu, mhandisi mkuu wake, ameirudisha kwenye umbo la sanduku, na ni kwa sababu njema: dirisha la mbele limeshuka, kona za boneti zinaonekana kutoka kitini, na pembe za bampa ni vipande tofauti vinavyobadilishwa kimoja kimoja vikikwaruzwa. Kwa jiji kama letu, haya ni maboresho ya kweli. Lakini gari limenenepa. J150 ina upana wa milimita 1,885. 250 ina 1,980, sawa na Land Cruiser 300 kubwa. Karibu sentimita kumi hizo utazihisi kwenye maegesho ya chini ya ardhi ya mjini, kwenye vichochoro vya River Road, na ukipishana na matatu Kangemi.

Madaraja yake ni GX, VX na ZX. ZX ina kitufe kinachoachanisha fito ya mbele ili magurudumu yashuke huru porini, mrithi wa KDSS aliye rahisi kueleweka na, naamini, rahisi kutengeneza. Ila kwenye 250 ile njia ya kusoma tarakimu moja kwenye fremu imefungwa: GDJ250 ni GX na ni ZX vilevile. Itakubidi uombe msimbo kamili wa modeli ulio kwenye kibandiko cha kiwandani, uulinganishe na orodha ya Japani, na utafute kitufe cha fito kwa macho yako. Muuzaji akikuambia kibandiko kilipotea wakati wa kupaka rangi, yadi ya pili iko mita mia mbele.